Kompyuta ya skrini ya mguso kwenye Land Cruiser mkonga: anzia kwenye betri, skrini iwe ya mwisho

Msomaji wetu wa Kimara, mwenye Land Cruiser mkonga, yaani yenye bomba la kuvutia hewa juu, ya injini ya dizeli ya 1HZ, anayoitumia kwa safari za Mikumi na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ameuliza hivi: "Nataka kujenga mwenyewe kompyuta ya skrini ya mguso kwenye dashibodi, ili nipate ramani bila mtandao, muziki, kamera ya nyuma na taarifa za injini. Nilianza na Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na skrini ya inchi 7, nikachukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara kwa chaja ya simu. Kila ninapopiga stata kompyuta inazimika na kuanza upya, alama ya radi inajitokeza kwenye kona ya skrini, na sasa memori kadi imekufa. Je, ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi, au niachane na haya yote nikachukue redio ya Android Kariakoo?"

Ndugu msomaji, kompyuta yenye nguvu zaidi haitakusaidia, kwa sababu hiyo uliyo nayo haina kosa. Dalili zote tatu ulizozitaja zinatokana na umeme, lakini kila moja ina chanzo chake, na usipozitenganisha utabadilisha vifaa kimoja baada ya kingine huku tatizo likibaki palepale.

Tundu la kuwashia sigara kwenye Toyota nyingi hulishwa na mkondo wa ACC, yaani ule unaofunguka pale ufunguo unapozungushwa hatua ya kwanza. Ufunguo unapofika kwenye stata, swichi huukata mkondo huo kwa makusudi ili kupunguza mzigo wakati mota ya stata inavuta mamia ya ampea. Kwa hiyo kompyuta yako haipati umeme hafifu wakati huo. Haipati umeme kabisa, na hakuna chaja itakayoziba pengo hilo, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani.

Alama ya radi ni jambo jingine. Raspberry Pi huionyesha pale volti zinazofika kwenye ubao wenyewe zinaposhuka chini ya 4.63, na mtuhumiwa wa kwanza ni kebo ya chaja. Chukua kebo ya kawaida ya mita 2 ambayo nyuzi zake za umeme zina unene wa milimita za mraba 0.2. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri mita 4 ndani ya shaba nyembamba yenye ukinzani wa takribani omu 0.35. Ubao na skrini vikivuta ampea 3, volti 1 nzima inapotea njiani, na zile volti 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika zikiwa 4. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kusafirisha volti 12 kwa umbali mrefu kwa waya mnene, kisha kuzishusha kuwa 5 karibu kabisa na kompyuta, ndani ya sentimita 30.

Memori kadi ilikufa kwa kukatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandikwa. Hata usipogusa chochote, mfumo wa Linux unaandika kumbukumbu zake kila mara, na kuukatia umeme ghafla ni sawa na kumpokonya karani daftari akiwa katikati ya mstari: mara nyingi hakuna kitakachoharibika, lakini siku moja utaharibika ukurasa wenye faharasa, na kompyuta haitawaka tena.

Sasa tuje kwenye ujenzi, na kabla ya kununua hata skrubu moja, chukua mita ya umeme ukapime. Pima kwenye vichwa vya betri gari likiwa limezimwa, pima tena msaidizi wako akipiga stata, kisha pima injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani. Betri nzima iliyojaa itaonyesha volti 12.6 hivi, itashuka wakati wa stata hadi kwenye 9 au 10, na alteneta ikishaanza kuchaji utasoma kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona inashuka chini ya 8 kwenye stata, usitafute kifaa cha kuvumilia hali hiyo. Betri yako imechoka au vichwa vyake vimeota kutu ya kijani, jambo la kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari, na hilo ndilo la kutengeneza kwanza. Upimaji huu una faida nyingine: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwashwa kwa volti 24 ingawa taa na redio zake ni za volti 12, na magari ya namna hiyo yapo mitaani kwetu. Mtu asiyepima anaweza kuunganisha waya wake mahali pasipostahili na kuona moshi siku ya kwanza.

Ukiridhika na vipimo, toa waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha: kwa umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, ukivuta ampea 5, utapoteza volti 0.28 tu. Weka fyuzi ya ampea 10 ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha chanya. Wengi hudhani fyuzi hiyo inalinda kompyuta, kumbe inalinda waya: waya ukichubuka mahali popote kabla ya fyuzi na kugusa bodi, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto, na ndiyo maana fyuzi iliyofungwa ndani ya dashibodi, mita 3 kutoka kwenye betri, haina maana. Unapopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, tumia tundu lililopo lenye raba, au toboa jipya na ulivalishe raba. Bati tupu litaukata waya kwa mtetemo wa safari chache za vumbi.

Kifaa cha kushusha volti ndicho ningekushauri utumie fedha nyingi kuliko vyote, kabla hata ya skrini. Chagua kilichotengenezwa kwa ajili ya magari, kinachopokea kuanzia volti 8 au 9 hadi 36, na kutoa volti 5.1 kwa ampea 5 au zaidi. Upana huo wa mapokezi una sababu. Siku utakapokwama porini ukasaidiwa kuwasha gari kwa nyaya kutoka kwenye lori la volti 24, chaja ndogo ya simu itaungua palepale. Hatari kubwa zaidi ni kichwa cha betri kuchomoka au kulegea wakati alteneta inachaji kwa nguvu: alteneta haiwezi kupunguza uzalishaji wake papo hapo, na viwango vya kimataifa vya majaribio ya vifaa vya magari ya volti 12 vinahesabu pigo la volti 79 hadi 101 kwa muda wa hadi milisekunde 400, pale ambapo hakuna kinga. Kwa hiyo uliza kama kifaa kina kinga ya mapigo ya namna hiyo, na kama muuzaji hajui unachozungumzia, nenda duka la pili.

Bado hatujatatua suala la kuzima. Ukiunganisha kompyuta moja kwa moja na betri, haitazimika kwa stata, lakini pia haitazimika ukifika nyumbani. Ubao na skrini kwa pamoja huvuta kama wati 10 hadi 12, yaani takribani ampea 1 kutoka kwenye betri. Liache gari kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni na ampea-saa 48 zimekwenda, kwenye betri ambayo huenda ina 70, na injini ya dizeli inahitaji joto la plagi zake pamoja na stata yenye nguvu ili iwake.

Suluhisho ni kuipa kompyuta nyaya mbili: mmoja wa kuilisha, ambao ni huo wa betri, na mwingine mwembamba kutoka ACC wa kuiarifu tu kwamba ufunguo umefunguliwa au umefungwa. Tahadhari kubwa hapa ni kwamba pini za Raspberry Pi huvumilia volti 3.3 pekee, gusa moja kwa volti 12 na ubao umekwisha. Katikati weka optokapla, yaani kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana, kwa mfano PC817 ambayo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki, pamoja na rezista ya kiloomu 2.2 upande wa gari na fyuzi ya ampea 1 mwanzoni mwa waya. Upande wa kompyuta, unganisha miguu miwili iliyobaki kati ya pini ya 11 na pini ya 9 ambayo ni hasi. Kisha andika programu fupi inayoitazama pini hiyo ya 11 na kuhesabu sekunde 90 tangu ACC ipotee kabla ya kuamuru kompyuta ijizime kwa utaratibu. Usiifanye ijizime papo hapo, kwa sababu ACC hupotea pia wakati wa stata, na kwenye kituo cha mafuta hutaki kuanza ramani upya kila mara.

Kompyuta iliyojizima bado huvuta umeme kidogo, na kifaa cha kushusha volti nacho huvuta chake, kwa hiyo kwenye waya mkuu weka rilei ya kuchelewesha, ile ambayo ikipoteza ACC hushikilia kwa muda uliopangwa ndipo iachie. Ipange dakika 3. Hapo kompyuta inajizima katika dakika ya pili, na rilei inakata kila kitu katika dakika ya tatu. Kuna mwanya mmoja ambao watu hawaoni hadi uwakute: ukirudi kwenye gari baada ya kompyuta kujizima lakini kabla ya rilei kuachia, umeme hautakuwa umekatika, na kompyuta italala safari nzima. Funga kitufe kidogo kati ya pini ya 5 na pini ya 6. Kukibonyeza huiamsha Raspberry Pi 4 iliyojizima.

Kwa kadi, nunua ile ya daraja la uvumilivu inayotengenezwa kwa ajili ya kamera za usalama, au tumia diski ya SSD. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka zisiingie kwenye gari la porini. Ukishamaliza kupanga kila kitu, fungua mipangilio ya raspi-config na uwashe mfumo wa faili wa juu (Overlay File System) unaoifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, na rekodi za safari zako uzihifadhi kwenye kidude cha USB. Hata umeme ukikatika vibaya, kitakachopotea ni rekodi ya siku moja.

Mahali pa kuiweka kompyuta panaamuliwa na maji na joto. Wafungaji wengi wa mjini hupenda chini ya kiti cha abiria, na kwa gari lisilotoka lami huenda ni sawa; lakini wewe umefunga mkonga kwa sababu unavuka maji, na hata usipofika Rufiji, anayepita Jangwani msimu wa masika anajua maji yanavyoingia kwa chini ya milango. Nyuma ya droo ya dashibodi, juu kadiri inavyowezekana, ni pazuri zaidi. Sanduku lake liwe la aluminiamu, lishikane na kichakataji kupitia pedi ya kupitisha joto, kwani feni itavuta vumbi na kufa. Raspberry Pi huanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80, na gari lililofungwa vioo juani mwezi wa Februari linaweza kuwa na nyuzi 60 ndani kabla hujawasha chochote. Fungua vioo dakika chache kabla ya kuondoka. Ni ushauri wa kizee, lakini unafanya kazi kuliko feni.

Skrini za mezani hutoa mwanga wa niti 250 hadi 300, ambao juani hauonekani. Ya gari inahitaji kukaribia niti 1,000, na iandikwe kwamba inavumilia angalau nyuzi 70. Kuhusu mguso, skrini za kisasa zinazosoma ngozi ya kidole ni laini na nzuri, ila huchanganyikiwa zikipata matone ya maji. Zile za kubonyeza hukubali kidole chenye tope au glovu, na kwa kazi yako ningechagua hizo bila aibu, ijapokuwa zinaonekana za kizamani. Kumbuka pia kwamba sukani yetu iko kulia, hivyo utaigusa kwa mkono wa kushoto, mkono uleule wa gia. Kabla ya kutoboa chochote, kata kadibodi yenye ukubwa wa skrini, ishikilie mahali unapopataka, kisha pitisha mkono wa gia na ule mdogo wa kuingiza magurudumu ya mbele katika nafasi zake zote. Skrini rasmi ya kwanza ya inchi 7 ya Raspberry Pi ina upana wa milimita 194 na urefu wa 110, wakati tundu la redio kubwa ni milimita 180 kwa 100, kwa hiyo haitazama ndani. Itakaa mbele ya tundu kwenye bamba. Mafundi bati wa Gerezani watakukatia bamba la aluminiamu la milimita 2 kwa mchoro wako, na nati ziwe za kujifunga, zenye duara la plastiki ndani, kwani za kawaida zitalegea.

Nimeacha taarifa za injini hadi sasa kwa sababu hapo ndipo swali lako la redio ya Android linapojibiwa. Injini ya 1HZ ina pampu ya dizeli inayofanya kazi kimakanika. Haina kompyuta ya kuisimamia, kwa hiyo kifaa chochote cha kuchomeka cha ELM327 atakachokuuzia mtu pamoja na redio hakitakuwa na cha kusoma. Ungekuwa na gari jipya lenye injini ya kielektroniki, ningekuambia uchukue redio iliyo tayari na ulale usingizi: ina waya wa njano wa betri, mwekundu wa ACC na mweusi wa hasi, na matatizo yote niliyoyaeleza hapo juu yamekwisha kutatuliwa ndani yake. Kama kwa kusema taarifa za injini ulimaanisha tu kwamba ingekuwa vizuri kuwa nazo, ushauri wangu ni huo huo hata kwa mkonga.

Lakini kama kweli unataka kuona joto la maji linavyopanda unapopanda Kitonga ukiwa na wageni na mizigo, basi sababu ya kujenga ipo, kwa kuwa sensa utafunga mwenyewe. Usiudowee waya wa geji iliyopo kwenye dashibodi: kuuongezea mzigo kutabadilisha kipimo cha geji, na utakuwa umeharibu kifaa pekee unachokiamini. Weka kiungio cha chuma chenye tundu la sensa kwenye mpira wa juu wa rejeta, na ufunge humo sensa ya pili ya gari. Raspberry Pi haina pini za kusoma volti zinazopanda na kushuka taratibu, hivyo utahitaji kibao kidogo cha ADS1115 chenye njia 4, ambacho kitakusomea joto la maji, shinikizo la oili na volti za betri kwa pamoja. Kwa joto la moshi wa ekzosi hutumika waya wa aina ya K na kibao cha MAX31855. Kwa 1HZ isiyo na turbo si lazima.

Kamera ya nyuma isipitie kwenye kompyuta. Kompyuta huchukua nusu dakika hivi kuamka, na mtoto anayepita nyuma ya gari hatasubiri. Nunua skrini yenye mlango wa pili wa picha unaojifungua wenyewe ukipata umeme wa taa ya rivasi, na kamera iunganishwe huko moja kwa moja. Muziki utoe kwa kidude cha sauti cha USB, na ukisikia mluzi unaopanda na mwendo wa injini, rudisha hasi zote kwenye bolti moja.

Kipokezi cha GPS kiwe cha USB chenye kebo, kikae juu ya dashibodi karibu na kioo, mbali na milango ya bluu ya USB 3 ambayo hutoa kelele za redio. Kitakupa pia saa sahihi, jambo ambalo Raspberry Pi 4 haiwezi kulitunza yenyewe ikizimwa mahali pasipo na mtandao. Ramani chukua za OpenStreetMap, na kwa hapa Dar es Salaam zina undani wa kutosha, kwa kuwa kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata kuchora nyumba, vichochoro na mifereji. Programu ya Navit inazisoma bila mtandao. Ndani ya hifadhi undani hupungua na njia huhama kila baada ya mvua, kwa hiyo rekodi njia zako mwenyewe kila unapoingia.

Ukimaliza, usiende Nyerere siku hiyohiyo. Zunguka na gari siku kadhaa mjini, piga stata mara nyingi, washa taa zote na feni ya dashibodi, kisha fungua dirisha la amri na uandike vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme haujawahi kuyumba tangu kompyuta ilipowaka. Likiwa 0x50000, ulishuka wakati fulani ingawa hukuona radi, na unapaswa kurudi kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, ukianzia na kipande kifupi kati ya kifaa cha kushusha volti na ubao. Joto lipime kwa vcgencmd measure_temp saa nane mchana, gari likiwa limetoka kusimama juani.